Elmer McCollum, mwana wa mukulima aliyegundua vitamini D, na swali la wenye kutafuta mutoto

Mwanamuke anayemaliza miaka 4 ao 5 ya ndoa bila kushika mimba, ikuwe ku Butembo, ku Beni ao ku Lubero, anapokea mashauri kutoka kila upande. Mama mukwe ana lake, jirani ana lake, muuzaji wa dawa ku soko ana lake. Siku hizi kuna shauri lingine lenye kupita ku simu: anywe vitamini D. Wenye uwezo wa kuvuka Kasindi na kwenda Kampala kufanya FIV, ni kusema kutungisha mimba inje ya mwili, wao pia wanauliza kama ile vitamini inaweza kuongeza bahati yao. Swali hilo si la kijinga. Lina mwanzo wake, na mwanzo huo uko ndani ya zizi la ngombe huko Marekani, zaidi ya miaka 110 iliyopita. Kijana aliyekuwa anapima chakula cha ngombe hizo alikuwa anaitwa Elmer Verner McCollum.

McCollum alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 3, 1879, ku shamba la wazazi wake karibu na muji wa Fort Scott, jimbo la Kansas. Alipokuwa hajafikisha hata mwaka moja, mama yake alishika mimba ingine na akamuachisha ziwa mapema. Walimulisha maziwa ya kuchemsha na viazi vya kuponda. Mutoto alikuwa anashiba, lakini alianza kuharibika. Ufizi ulivimba na kutoka damu, viungo vikamuuma, akawa wa kulia tu. Ilikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, lakini wakati ule hakuna mutu aliyekuwa amesikia hata neno vitamini. Siku moja mama yake alikuwa anamenya mapome huku amemupakata, akamupa maganda ili anyamaze. Mutoto akayanyonya kwa hamu. Mama akaendelea kumupa, siku kwa siku, na baada ya muda kidogo ufizi ukapona. McCollum alielewa maana ya hadithi hiyo akiwa mutu muzima mwenye jina, aliposimuliwa na mama yake. Mutu ambaye angetumia maisha yake yote kutafuta kitu kidogo kinachokosa katika chakula, aliponyeshwa kwanza na ganda la pome.

Mama huyo, Martha, hakusoma sana, lakini alitaka watoto wake wasome. Baba alikuwa amepoteza afya, na ni mama aliyeshika usukani wa nyumba. Mu mwaka 1896 jamaa lilihama shamba na kwenda ku Lawrence, muji wenye shule ya sekondari na chuo kikuu. Elmer alikuwa tayari na miaka 17, akaanza sekondari akiwa mukubwa kuliko wengi. Ili apate feza alikuwa anawasha taa za gazi za barabarani kila mangaribi na kuzizima baadaye. Alipata diplome ya chuo kikuu cha Kansas mu 1903, ya pili mu 1904, kisha udaktari wa kemia ku Yale mu 1906.

Mwaka 1907 aliitwa kazi ku chuo cha kilimo cha Wisconsin, ku muji wa Madison. Alifika wakati kazi moja ya ajabu ilikuwa imeanza tu. Muzee moja wa chuo hicho, Stephen Babcock, yule aliyetunga namna ya kupima mafuta ndani ya maziwa, alikuwa anachekelea wanakemia wa wakati wake. Hao walikuwa wanasema kama unajua kiasi cha protini, cha mafuta, cha sukari na cha chumvi ndani ya chakula, basi unajua yote. Chakula moja ni sawa na kingine kama hesabu zinalingana. Babcock hakuamini. Alitaka jambo hilo lipimwe ku ngombe zenyewe.

Wakachukua ngombe 16 majike machanga. Wakazigawa mafungu 4. La kwanza likala mahindi tu: mbegu, majani na mabua. La pili ngano tu. La tatu shayiri tu. La ine mchanganyiko wa zote tatu. Kwa hesabu za kemia, mafungu yote yalikuwa yanakula sawasawa, na zote zilikuwa zinashiba. Kazi ya McCollum ilikuwa kupima kila kitu: kilichoingia mudomoni, maziwa, mavi na mukojo. Si kazi ya kujivunia mbele ya wakwe, lakini ndiyo kazi aliyopewa.

Mwanzoni hakukuwa tofauti kubwa. Tofauti ilionekana wakati wa kuzaa. Ngombe za mahindi zilizaa ndama zenye nguvu, zilizosimama na kunyonya mara moja. Ngombe za ngano zilikuwa ndogo, nywele zimekakamaa, zingine zikapofuka, na mimba hazikufika mwisho wake: ndama zilizaliwa kabla ya wakati, zingine zimekufa, zingine zikafa muda kidogo baada ya kuzaliwa. Za shayiri zilikuwa katikati. Mukulima wa Lubero, anayelima ngano na kufuga ngombe ku kilima kilekile, anaweza kuona picha hiyo bila shida.

Kisha wakafanya jambo ambalo ndilo lenye maana kubwa katika hadithi hii yote. Wakageuza chakula. Ngombe zilizokuwa zinakula mahindi zikapewa ngano, na za ngano zikapewa mahindi. Ngombe ileile iliyokuwa imezaa vizuri, sasa ikazaa vibaya. Na ile iliyokuwa inaharibu mimba ikazaa ndama muzima. Kwa hiyo ubaya haukuwa ndani ya ngombe. Haukuwa ndani ya ukoo wake, wala ndani ya damu yake. Hakuna ngombe iliyofukuzwa zizini, hakuna iliyoitwa murogi. Matokeo yakatoka mu 1911.

McCollum alikuwa ameona, lakini hakuwa ameelewa. Katika mahindi kulikuwa na nini ambacho ngano haina? Leo inajulikana: mahindi ya manjano yana ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Wakati ule hakukuwa hata jina la kuita kitu hicho. Na ngombe ni mwalimu mwenye kukawia. Inakula sana, inachukua miezi 9 kubeba mimba, na bei yake ni kubwa. McCollum akanunua mukusanyo mzima wa vitabu vya Kijerumani vyenye kuandika kazi zote za kemia ya vyakula, akavisoma jioni kwa jioni. Akakuta kwamba kila mara watu walipolisha wanyama wadogo vyakula vilivyosafishwa kabisa, wanyama walikufa, na hakuna aliyejua sababu. Akaamua atafanya kazi na panya: inakula kidogo, inazaa haraka, na maisha yake yote mutu anaweza kuyafuata katika muda mufupi.

Wakubwa wake walikataa. Ni chuo cha kilimo, feza ni ya serikali, panya ni adui ya mukulima, na sasa panya ilishwe kwa feza ya mukulima? Aibu. Babcock peke yake alimwambia aendelee. McCollum akaanza na panya alizokamata ndani ya zizi la zamani la farasi, lakini zilikuwa kali sana, zinauma ovyo. Akanunua panya 12 nyeupe huko Chicago kwa feza ya mufuko wake, karibu dola 6. Mu 1908 kazi ikaanza.

Hapa kuna mutu ambaye vitabu vingi vinamupita haraka. Panya zinahitaji kulishwa, kupimwa uzito na kusafishiwa kila siku, na McCollum alikuwa bado na kazi ya ngombe. Mu 1909 kijana mwanamuke moja, Marguerite Davis, aliyekuwa amemaliza masomo ku California, alijitolea kushika kazi ya panya. Aliifanya miaka 5 bila mushahara, na mwaka wa sita wakamupa dola 600. Wauguzi wa huku wenye kungojea prime miezi na miezi wanaweza kumuelewa dada huyo kuliko mutu yeyote. Bila yeye hakungekuwa matokeo.

Matokeo yalitoka mu 1913. Panya zilizopewa chakula safi pamoja na mafuta ya nguruwe ao ya zeituni zilikomaa kidogo, kisha zikasimama na kuanza kufa. Zilizopewa mafuta ya siagi ao ya kiini cha yayi ziliendelea kukomaa. Kwa hiyo mafuta si mafuta tu. Ndani ya mamoja kuna kitu, ndani ya mengine hakuna. McCollum na Davis walikuwa wamegundua kitu ambacho baadaye kiliitwa vitamini A. Wataalamu wawili wa Yale walifikia jambo hilohilo karibu wakati ule, wakachelewa wiki kidogo tu kupeleka maandishi yao.

Mu 1917 aliondoka Wisconsin, na hakuondoka kwa amani. Mu 1918 mukubwa wake wa zamani aliandika ndani ya gazeti kubwa la sayansi kumulaumu kwamba alikuwa anatoa kazi za pamoja kama zake, bila kuomba ruhusa. McCollum alikuwa mutu mwenye akili kali na mwenye kujipenda, na urafiki huo haukutengenezwa vizuri tena. Inafaa kusemwa, juu mara nyingi maisha ya wasomi yanasimuliwa kama ya watakatifu.

Alienda ku Baltimore, ku shule mupya ya afya ya watu wote ya chuo kikuu cha Johns Hopkins. Ku Baltimore, kama ku miji mingi ya viwanda ya Marekani na Ulaya, watoto walikuwa na ugonjwa mubaya wa mifupa, rashitisme. Miguu inapinda, kifua kinaingia ndani, kichwa kinakuwa kikubwa. Katika miji yenye moshi na nyumba za giza ulishika watoto wengi sana. Na kwa watoto wanawake ulikuwa unaacha deni la baadaye. Mifupa ya nyonga ilikomaa ikiwa imebanwa, na siku mutoto yule anakuwa mama, njia ya kuzalia ilikuwa nyembamba mno. Wakati ambapo kupasua kulikuwa hatari kubwa, wengi walikufa na mimba yao. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa unakuja kuuwa miaka 20 baadaye, ku chumba cha kuzalia.

Munganga moja wa watoto wa hospitali ile, John Howland, alimuuliza McCollum kama anaweza kuleta ugonjwa huo ndani ya panya. Ndipo McCollum alipokumbuka kwamba alikuwa ameshaona panya za namna hiyo. Pamoja na Nina Simmonds, wanganga Shipley na Park, na Ernestine Becker, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa bibi yake, walijaribu aina zaidi ya 300 za chakula.

Ulaya pia hawakulala. Mu 1919, ku Uingereza, Edward Mellanby aliwafungia mbwa ndani ya nyumba na kuwalisha uji wa shayiri. Wakapata rashitisme, na mafuta ya ini ya samaki yakawaponyesha. Kwa kuwa mafuta hayo yanajulikana kuwa na vitamini A, Mellanby alifikiri kwamba ni yenyewe iliyofanya kazi. Mwaka uleule ku Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaponyesha watoto kwa taa yenye mwangaza kama wa jua, bila kuwapa mafuta hata tone moja. Sasa nani mwenye haki? Samaki ao jua?

McCollum alitatua sehemu yake kwa jambo rahisi ambalo kila mupishi anaweza kufuata. Alichukua mafuta ya ini ya samaki, akayapasha moto saa nyingi huku anapitisha hewa ndani yake, mpaka vitamini A ikaharibika yote. Kisha akayajaribu. Ku panya zenye macho yaliyougua kwa kukosa vitamini A, mafuta hayakusaidia kitu tena. Ku panya zenye rashitisme, yaliponyesha kama mbele. Kwa hiyo ndani ya mafuta yale mulikuwa vitu viwili, si kimoja. Matokeo yalitoka mu 1922. A, B na C zilikuwa zimeshachukuliwa, basi kitu kipya kikapewa herufi yenye kufuata, D. Hakuna sababu ingine ya jina hilo.

Jambo la jua lilieleweka miaka kidogo iliyofuata: ngozi yenyewe inatengeneza vitamini D ikipata mwangaza wa jua. Ndiyo maana mutu wa Beni ao wa Butembo, anayeishi karibu kabisa na mustari wa Ekwateri, ana nafasi nzuri kuliko mutoto wa Baltimore wa 1920. Lakini nafasi si uhakika. Ngozi nyeusi inahitaji kukaa juani muda mrefu kidogo kuliko nyeupe. Mama anayeshinda ndani ya duka tangu asubuhi mpaka jioni, ao anayefunikwa mwili wote, ao mugonjwa asiyetoka inje, anaweza kukosa hata akiwa Ekwateri. Katika chakula, vitamini D iko ndani ya samaki wenye mafuta, ini na kiini cha yayi. Fufu haina. Sombe ina mazuri mengi, lakini hiyo haina.

Jina la McCollum likajulikana inchi nzima. Kitabu chake cha 1918 juu ya maarifa mapya ya chakula kilisomwa na wanganga, wakulima na wamama wa nyumba, na kilichapwa tena na tena. Alikuwa anazunguka kuhubiri maziwa, mayai na majani mabichi, akiviita vyakula vya kulinda. Zawadi ya Nobel hakupata. Mu 1928 ile iliyogusa vitamini D ilienda kwa Mjerumani Adolf Windaus, kwa kazi ya kemia. Marguerite Davis naye hakupata kitu kikubwa. McCollum aliacha kazi ya ualimu katikati ya miaka ya 1940, akaandika historia ya sayansi ya chakula mu 1957, kisha mu 1964 kitabu cha maisha yake mwenyewe, kuanzia shamba la Kansas. Alikufa ku Baltimore tarehe 15 mwezi wa 11, 1967, akiwa na miaka 88. Miaka 11 baadaye, mu 1978, mutoto wa kwanza wa FIV alizaliwa huko Uingereza. Kampala ilipata wake wa kwanza mu 2004.

Swali la vitamini D na uzazi lilirudi palepale ku Wisconsin, ku chuo ambacho zamani hawakutaka kusikia neno panya. Mu 1980 watafiti wawili, Halloran na DeLuca, walitangaza kwamba panya majike zilizokosa vitamini D zinaweza kuzaa, lakini uwezo wao unashuka kwa asilimia 75. Hiyo habari ndiyo iliyofungua mulango. Watu wengine wakakuta kwamba nyumba ya mutoto na mayai ya mwanamuke yana fasi ya kupokea vitamini hiyo. Lakini mu 2001 DeLuca huyohuyo na mwenzake walitengeneza panya zisizoweza kutumia vitamini D hata kidogo, wakazilisha kalsiamu kwa wingi, na zikazaa. Pengine basi kilichokuwa kinakosa tangu mwanzo ni kalsiamu, na vitamini D ilikuwa tu njia ya kuipitisha ku mwili. Mellanby alikosea kwa namna hiyohiyo: kuona vitu viwili vinatembea pamoja na kusifu kile ambacho si chenyewe.

Kwa wanadamu ilikwenda vilevile. Mu 2018 wanganga wa Birmingham, Uingereza, walikusanya utafiti 11 uliogusa wanamuke karibu 2,700 waliokuwa wanafanya FIV na matibabu ya namna hiyo. Waliokuwa na vitamini D ya kutosha ndani ya damu walizaa zaidi kidogo kuliko waliokosa. Habari ilizunguka dunia. Magazeti yakaandika, wauzaji wakafurahi. Wale wanganga wenyewe walikuwa wameonya kwamba hesabu yao haionyeshi kwamba kunywa vitamini kutaleta mimba, lakini onyo halisafiri haraka kama habari. Kwa maana mwanamuke mwenye vitamini D nyingi mara nyingi ni yule mwenye kutembea inje, mwenye kula samaki na mayai, asiye munene kupita kiasi. Ni vitamini inayomusaidia, ao ni maisha yake yote?

Dawa ya swali kama hilo McCollum na wenzake walikuwa wameishaionyesha na ngombe: acha yote yalingane, geuza kitu kimoja. Waitaliano wakafanya hivyo. Walichukua wanamuke 630 waliokuwa wanangoja FIV na ambao damu yao ilikuwa na vitamini D kidogo. Wengine wakapewa kipimo kimoja kikubwa cha vitamini D, wengine dawa isiyo na kitu ndani, na hakuna aliyejua amepata gani. Matokeo yalitoka mu 2021. Wenye kunywa vitamini walishika mimba 37 kwa 100. Wenye kunywa dawa isiyo na kitu, 40 kwa 100. Tofauti hiyo ni ndogo, inaweza kuwa bahati tu, lakini haiko upande ule waliouza matumaini walikuwa wanasema.

Hiyo haimaanishi vitamini D haina maana kwa mama. Mwenye kukosa anapashwa kupewa, juu ya mifupa yake na ya mutoto atakayembeba, na kipimo cha damu ndicho kinaonyesha nani amekosa. Kunywa kwa kukisia, ampule juu ya ampule, kunaweza kupandisha kalsiamu ndani ya damu na kuumiza figo. Na kwa ukanda huu, wanganga wa uzazi wanajua mahali pa kuanzia kutafuta: mirija ya uzazi iliyozibwa na maambukizi ya zamani yasiyotibiwa vizuri, ao yaliyoingia baada ya kuzaa ao baada ya mimba kutoka. Vitamini haifungui murija.

Halafu kuna mbegu za mwanaume. Karibu nusu ya wenye ndoa wanaokosa mutoto, shida iko kwa bwana, kwake peke yake ao kwa wote wawili. Kipimo chake hakichukui muda na hakipasui mutu, tofauti na vile vya mwanamuke. Hata vile, ku jamaa nyingi bibi anapitishwa hospitali 3 ao 4, anakunywa mizizi, anakunywa vidonge, wakwe wanaanza kuulizia mbuzi za mahari, na bwana hajaingia laboratware hata siku moja.

Ku Madison, kabla ya kuandika kwamba ni chakula, walikuwa wamegeuza mafungu yote.